Oganaiti ya kufukia karibu na minara ya simu
Kidude hiki, ambacho watu wa kujitolea hukigawa na kukifukia katika nchi mbalimbali za Afrika wakiamini kinapunguza mawimbi ya minara na kuleta mvua, ni rezini ya poliesta (plastiki ya majimaji inayoganda), chenga za chuma au alumini na kijiwe cha kwatzi, vilivyomiminwa kwenye kikombe cha kuokea keki. Kigandishi kiwe asilimia 1 hadi 2 ya rezini. Kikizidi, rezini hupata moto na kupasuka. Mvuke wake ni mkali, mimina nje. Kama pambo kinapendeza. Lakini hakipunguzi mawimbi ya mnara wala hakileti mvua: nishati ya ogoni, yaani ile inayodaiwa kuwa nguvu ya uhai, aliyoitangaza daktari wa akili Wilhelm Reich haijathibitishwa, na mwaka 1954 mahakama ya Marekani ilipiga marufuku kusafirisha vifaa vyake. Shambani usikifukie, hakiozi. Aliyepewa kama tiba asiache dawa za hospitali.