Uzoefu wangu: dramu ya klachi ya chensoo, usikubali wakuchomelee

Kamwene wadau. Mi nafanya mbao huku Mufindi, tunanunua miti kwa watu, misindano na milingoti, na chensoo, msumeno wa injini, ndo mguu wa kazi, ikilala siku moja vijana wanne wanakaa tu na hela ya chakula inatoka kama kawaida. Sasa mwezi wa sita mashine ikaanza kupiga kelele upande wa klachi, ukipiga resi inalia lakini cheni haina nguvu kwenye gogo, harufu ya kuungua imejaa. Kufungua kava nakuta dramu, kile kikombe cha chuma kinachozungushwa na klachi, ina ufa.

Fundi wa kwanza, simtaji, akasema hiyo ya kuchomelea tu, 10,000, nusu saa unaondoka. Nikakubali kwa sababu ya haraka. Kufungua klachi akaanza kuigonga kwa patasi kuelekea kushoto kama nati ya kawaida, kumbe klachi za chensoo karibu zote uzi wake ni wa kinyume, unafungulia kulia, kwa hiyo muda wote ule alikuwa anaikaza. Ikatoka baadaye imekwanguka, akachomelea, akarudishia.

Kesho yake msituni mashine inatetemeka mpaka vidole vinakufa ganzi, halafu nimeiachia iko silensa, yaani inaunguruma tu bila resi, cheni bado inatembea, nasukuma breki cheni haisimami! Kijana wangu yuko hatua mbili hapo anatoa matawi. Nikazima nikakaa chini, kwa kweli niliogopa sana.

Ndo nikaelekezwa kwa fundi mmoja Mafinga mjini, na huyu ndo nataka kumsifia. Kabla ya kushika spana akauliza, kaka, nani anaitumia hii mashine, na mkishaiwasha mnatoa breki kwanza au mnapiga resi hivyo hivyo? Nikamwambia ukweli, asubuhi kukiwa na baridi vijana wanaipashia moto breki ikiwa imefungwa. Akachomoa plagi, akaingiza kamba kwenye silinda kupitia tundu la plagi ili pistoni ikwame, akazungusha klachi kulia, ikaachia bila nyundo. Akaipeleka dramu juani nione kwa ndani, chuma kimegeuka bluu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Alivyonielewesha, viatu vya klachi vinatanuka mashine ikipanda mizunguko vinaishika dramu, ikishuka springi zinavirudisha. Sasa breki ikiwa imefungwa dramu haizunguki, viatu vinasugua tu, joto lote linabaki pale, dramu inapasuka na springi zinalegea, ndo maana cheni ilikuwa inatembea kwenye silensa. Kuhusu kuchomelea alisikitika kabisa, maana kile kitu kinazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, kidonge kidogo cha wia wa kuchomelea upande mmoja kinatosha kuitikisa mashine nzima, na mkanda wa breki unaikumbatia dramu kwa nje, wangu ulikuwa umeshaliwa na ile kona ya wia.

Akabadilisha dramu, beringi ya sindano, springi na mkanda wa breki. Jumla na ufundi 95,000. Inauma ndio, ila nimeridhika. Akanipitishia ukucha kwenye meno ya sproketi ya zamani, yale ya kwenye dramu yanayovuta cheni, mfereji uliochimbwa na cheni ukizidi nusu milimita unatakiwa kubadilisha, la sivyo inakula cheni mpya, na mi nilishabadilisha cheni tatu bila kuigusa! Mwisho akapaka grisi kidogo kwenye beringi, akaisukuma dramu kwa kidole ikazunguka kimya, akafunga, akawasha. Silensa, cheni imetulia. Akakata kipande cha gogo, akasukuma breki, ikasimama palepale. Sa hivi wiki ya tano sijarudi kwake.

Lalamiko moja tu, nilisubiri siku mbili. Kama unatoka mbali, Igowole au Nyololo huko, beba dramu ya zamani pamoja na kipande cha cheni yako, maana kwa macho zinafanana ila idadi ya meno na pichi, yaani nafasi ya viungo vya cheni, vinatofautiana. Ya kwanza aliyoagiza kwa maelezo yangu ya simu ilikuja ya pichi ndogo, nikarudi nyumbani mikono mitupu na nauli imeenda.