Boti Inayolala Mchangani Inunuliwe Transdyusa Gani?

Transdyusa ni kile kichwa cha mashine ya kutafutia samaki kinachotuma na kupokea sauti majini, ili kioo kionyeshe kina na samaki. Nyingi za boti za faiba pwani ya kusini ya Tanzania hazifi baharini. Zinafia mchangani. Boti inarudi Msangamkuu au Mikindani maji yamejaa, inafungwa kamba, wenyewe wanapeleka samaki sokoni. Siku za bamvua maji yanashuka zaidi ya mita 3, na tezi inakaa taratibu juu ya kipande cha plastiki kisichozidi kiganja. Kesho yake kioo kinawaka, menyu zote zipo, ila namba ya kina imeganda au inarukaruka. Anaitwa fundi, anabadilisha fyuzi, anabadilisha betri. Kumbe sikio la bano limevunjika na kichwa kinatazama pembeni.

Kwa hiyo hapa hutasoma habari za inchi za kioo, rangi, wala ramani. Hayo muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Swali la kwanza ni boti yako inalala wapi: kwenye nanga ndani ya maji, au ufukweni?

Mabano ya tezi yanasifiwa kwa ujanja mmoja. Ukigonga gogo, transdyusa inafyatuka na kulala nyuma, kisha unairudisha kwa mkono. Ni kweli, inafyatuka. Lakini bawaba yake imetengenezwa kupokea kishindo cha mbele, boti ikiwa inakwenda. Ufukweni hakuna kishindo cha mbele. Maji yakipwa, uzito unatoka juu. Mkishua boti kwa kutanguliza tezi, mchanga unaisukuma transdyusa kutoka nyuma kwenda mbele, upande ambao bawaba haikunji. Hapo kinachokubali kuvunjika ni sikio la plastiki, au waya unachunika pale shingoni unapoingia kwenye kichwa. Huo wa waya ndio mbaya zaidi, kwa sababu maji ya chumvi yanapanda ndani ya ganda kidogo kidogo na mashine inakufa wiki kadhaa baadaye, dhamana ya mdomo ya muuzaji imeshasahaulika.

Nimezipanga kwa kigezo hicho.

1. Airmar P79, inayokaa ndani ya boti (faiba tu)

Sifichi, napendelea Airmar. Ni kampuni ya Milford, New Hampshire, Marekani, na transdyusa nyingi zinazouzwa kwa majina ya wengine hutoka kwao. Lakini P79 ingekuwa namba moja hapa hata ingekuwa na jina lisilosomeka, kwa sababu haigusi mchanga, haigusi maji, haioti ukoga na haihitaji tundu hata moja. Bakuli lake linagandishwa kwenye sakafu ya ndani, kichwa kinazama kwenye kimiminika, na sauti inapita kwenye faiba kwenda na kurudi. Ina nguvu ya wati 600 na masafa mawili, 50 na 200 kHz. Kichwa kinazungushwa kufuata mlalo wa sakafu hadi nyuzi 22, ili kitazame chini wima hata kama boti ina tumbo la V.

Sharti lake ni moja na halina huruma: faiba iwe tupu, bila povu wala mbao katikati. Povu lina hewa, na hewa huzuia sauti kabisa. Boti zilizopigwa viraka mara mbili tatu zinaweza kuwa na faiba nzuri hapa na uchafu hatua moja pembeni, kwa hiyo usigandishe kitu kabla ya kupima. Tia nanga mahali penye mita 10 au zaidi. Ning'iniza transdyusa nje ya boti, andika namba ya kina. Kisha jaza maji mfuko laini wa plastiki, tia kichwa ndani, funga mdomo, uubane kwenye sakafu uliyokwisha kuilowesha. Namba ikirudi ile ile na mstari wa chini ukabaki mnene, mahali pamepatikana. Namba ikipotea, sogea sentimita 20 ujaribu tena. Tafuta karibu na mkuku, upande wa tezi, mahali ambapo chini yake pana maji hata boti ikinyanyua omo.

Kugandisha: kwangua kwa msasa namba 80 mpaka ung'avu na grisi viishe, osha kwa maji na sabuni, acha pakauke kabisa. Paka gundi ya epoksi au silikoni ya baharini kuzunguka ukingo wa bakuli bila kuacha mwanya. Ikishakauka, mimina maji kwanza uone kama panavuja, yatoe, ndipo ujaze propilini glikoli. Ikikosekana, mafuta ya madini yanafaa, yale meupe ya kupaka watoto, yasiyochanganywa na kitu. Usiache maji matupu, yatakauka, na kiputo kimoja cha hewa chini ya kichwa kinatosha kukurudisha kwenye bildi, ile risasi ya kamba ya kupimia kina.

Hasara zake mbili. Sauti hupungua nguvu kwa kupita faiba mara mbili, na faiba ikiwa nene utaliona hilo kwenye kina kirefu. Pia haisomi joto la maji. Anayefukuza jodari kwa joto atalikosa hilo. Na angalia plagi: P79 iliyotengenezwa kwa Garmin ina pini 8, wakati Striker ndogo, vioo vya Garmin hiyo hiyo, zinapokea pini 4. Adapta ipo. Iulizie siku ile ile unayonunua.

2. Transdyusa ya tezi, lakini ifungwe kwenye bomba

Airmar P66, au ile iliyokuja na kioo chako, ifungwe mwisho wa bomba badala ya kupigiliwa kwenye boti. Ukikaribia ufukwe unaipandisha kwa mkono. Basi. Ngalawa, mtumbwi na mashua zote zinaingia hapa, na gharama ya ziada ni bomba la maji la inchi 1 lenye mita 2 hivi, boliti mbili zisizoshika kutu, na kamba.

Funga bano mwisho wa bomba, pitisha waya nje na uubane kila sentimita 30. Usiupitishe ndani, maana utaukata siku ya kutoa plagi. Kwenye ngalawa funga bomba mahali mti wa tengo unapokutana na ubavu, sehemu mbili, moja juu na moja chini, lisiyumbe. Kichwa kizame sentimita 20 hadi 30. Kikiwa juu zaidi, kila wimbi la kusi litakiletea mapovu. Chora alama kwenye bomba inayotazama omo, ili ukilishusha usiku kichwa kisielekee ubavuni.

Chombo kikienda kasi, bomba hutetemeka na kusomeka kunaisha. Kwa mvuvi wa mshipi hilo si neno, kwa kuwa anapima akiwa ameteleza na mkondo au ametia nanga.

Sauti hutawanyika chini kama koni, na P66 ina koni ya nyuzi 11 kwenye masafa ya 200 kHz na nyuzi 45 kwenye 50 kHz. Kwenye mita 30, ya kwanza inamulika duara la mita 6 hivi, ya pili mita 25. Hapo ndipo ugomvi wa "mashine inaonyesha samaki lakini hawali" unapoanza: ulikuwa kwenye 50, na chewa alikuwa mita 10 pembeni ya ndoana yako. Ndani ya ghuba na juu ya mwamba tumia 200. Ukitoka nje ya miamba, ambako upande wa Mtwara kina huporomoka ghafla, hamia 50.

3. Shaba ya kupenya chini, kwa chombo cha mbao kinacholala kwenye nanga

Sauti haipiti kwenye mbao kama inavyopita kwenye faiba, kwa hiyo P79 sahau. Tundu litatobolewa, na kichwa kiwe cha shaba. Kichwa cha plastiki kwenye mbao ni kosa: mbao hunywa maji, huvimba, na kubana shingo ya plastiki mpaka ipasuke. Tundu likishatobolewa, paka epoksi kuta zake kabla ya kitu chochote, la sivyo wadudu wa baharini watapita hapo hapo kuingia kwenye ubao. Na siku ya kupiga chombo moto kwa makuti na kupaka deheni, mwambie fundi mapema. Moto unaharibu kichwa, na deheni ikipakwa juu ya uso wake ni sawa na kumfunga mtu kitambaa machoni.

Kama mashua inalazwa ufukweni, rudi namba 2.

4. Bano la tezi, kama kawaida

Ukilazimika, usitoboe boti. Gandisha ubao mgumu wa plastiki, kama ule wa kukatia nyama jikoni, na skrubu ziingie humo. Toboa mianya mirefu badala ya matundu, utumie nati za masikio, ili uweze kulegeza na kupandisha bano kabla ya kutia boti mchangani. Liwe umbali wa sentimita 38 au zaidi kutoka kwenye propela, upande wa kulia kwa propela inayozunguka kisaa ukiitazama kutoka nyuma. Upande huo mapanga ya propela yanashuka na mapovu ni machache. Kwenye faiba, uso wa transdyusa ushuke milimita 3 tu chini ya sakafu ya boti, na ulale sambamba na maji. Watu hushusha sentimita 3 wakidhani itaona vizuri zaidi. Wanachopata ni mkia wa maji unaoruka mpaka kwenye injini.

5. Zile za barafuni

Ukitafuta mtandaoni utakutana na seti ya bei nzuri: mkoba, betri ya volti 12, kioo, na transdyusa inayoning'inia kwenye waya wake. Zimetengenezwa kwa wavuvi wa maziwa ya nchi za baridi, wanaotoboa barafu na kukaa juu ya tundu. Haziko mbovu. Pale maji hayaendi, kichwa kinaning'inia wima, na koni nyembamba inamwonyesha mvuvi mpaka chambo chake kikipanda na kushuka. Huku kwetu mkondo wa maji kujaa unakivuta kichwa kilale pembeni, na kina unachosomewa ni cha mshazari, kirefu kuliko kina chenyewe. Kwenye maji mafu, ukiwa na nanga ghubani Lindi au Mikindani, inafaa. Ukifungia kichwa hicho kwenye bomba la namba 2, inafaa zaidi.

Mipira ya kurusha inayozungumza na simu, na mashine zisizo na jina: mchezo wa bwawani.

Wati na mita za kwenye boksi

Boksi likisema wati 4000, tafuta maandishi madogo. Kuna kipimo cha kilele hadi kilele na kuna RMS, yaani nguvu ya wastani, na cha kwanza ni mara 8 ya cha pili. Wati 4000 za kilele ni 500 za RMS. Linganisha RMS kwa RMS. Kina nacho ni hivyo hivyo: Garmin Striker 4 imeandikiwa futi 1,600 kwenye maji baridi, lakini futi 750 kwenye maji ya chumvi. Mita 488 zimekuwa 229. Muuzaji anakusomea ile ya ziwani, naye anajua fika unakwenda Songo Songo.

Ukishafunga, weka maji kuwa ya chumvi, sauti ndani yake huenda kasi zaidi. Weka kina kisomeke kwa pima kama ndivyo mnavyoitana chomboni, Garmin inazo. Zima alama za samaki, usome lenyewe lile tao ambalo samaki huchora kwenye kioo. Waya ukizidi, ukunje duara pana. Usiukate wala kuufunga pamoja na waya za injini. Michirizi ikitokea kiooni, zima injini: ikipotea, ni umeme wa injini. Mstari wa chini ukipotea boti inapokimbia tu na kurudi ukipunguza, ni mapovu, sogeza kichwa.

Wauzaji

Striker 4 imekuwa ikiuzwa Marekani karibu dola 120. Uliza bei hapa uone. Kwanza "njoo inboksi". Ukienda inboksi, unaulizwa uko wapi, na ukitaja Mtwara bei inapanda kabla hata nauli ya basi haijatajwa. Kuna wanaofungua boksi, wakauza kioo peke yake na transdyusa peke yake, kila kimoja kwa bei inayokaribia ya seti nzima. Wengine hukupa kichwa cha pini zisizolingana na kioo, ukirudi unaambiwa ununue adapta. Ukiuliza P79 unajibiwa "hizo za zamani", kwa sababu hawana.

Dukani, usikubali kuonyeshwa samaki. Vioo hivi vina hali ya maonyesho: chini inapita, samaki wakubwa wanapanda, mita zinabadilika, na hakuna kilichochomekwa. Mwambie aizime. Chomeka transdyusa iliyomo kwenye boksi unalolipia, si ya mezani. Iweke sikioni usikie inagongagonga kama saa. Kama ina kipima joto, ishike kwenye kiganja kwa dakika mbili. Namba lazima ipande. Kisha chomoa plagi. Kama samaki bado wanapita, hakuizima. Mwambie aizime, uanze upya.