Kijitabu cha polinomia cha 150 kutoka Kisumu, nimekifanya chote, haya ndio maoni yangu

Nianze na bei juu najua ndio mnataka kujua kwanza. 150 bob, kurasa 32, fotokopi nyeusi na nyeupe, imepigwa stapla mbili kwa mgongo, na moja ya hizo stapla ilitoka wiki ya kwanza nikaishona na uzi. Niliinunua kwa duka la stesheneri karibu na stage ya Kondele. Nimesikia aliyeiandika ni mwalimu mstaafu wa hesabu, hajaweka jina lake popote.

Mimi nafanya kazi ya M-Pesa Nyalenda na mwaka huu nimeamua kurudia KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, kama praiveti juu kozi ninayoitaka inadai hesabu na ile gredi niliyotoka nayo shule haitoshi. Kwa hivyo sina mwalimu mbele yangu, nasoma kati ya mteja na mteja, mtu akija kutoa pesa nafunika, akienda nafungua. Kitabu kikinipoteza hapo katikati sina wa kuuliza, na ndio maana nakiandikia hiki maneno mengi hivi.

Kazi ya kijitabu ni moja tu: ukipewa polinomia, yaani vipande kama 2x³, 7x na 4 vilivyounganishwa kwa kujumlisha na kutoa, imetupwa ovyo ovyo, uipange kwa standadi fomu halafu uiite jina lake. Swali liko kwa Kiingereza venye litakuja kwa mtihani, maelezo chini yake ni Kiswahili. Mfano wa kwanza kabisa ni huu, 7x − 4 + 2x³ − 5x². Unatafuta pawa kubwa (pawa ni ile namba ndogo ya juu ya herufi), unaiweka mbele, unashuka mpaka namba isiyo na herufi: 2x³ − 5x² + 7x − 4. Digrii, yaani ile pawa kubwa, ni 3 kwa hivyo ni kubiki, ina temu (vipande) 4, na koefishenti ya mbele, ile namba inayozidisha herufi kwa temu ya kwanza, ni 2. Rahisi ukiiona imefanywa. Mimi mara ya kwanza niliandika 2x³ + 5x² + 7x − 4, na sikuona shida yoyote mpaka msichana mmoja wa sekondari alikuja kutumiwa pesa za shopping, akaangalia karatasi yangu kupitia kwa dirisha akaniambia, "Anti, hiyo minus umeiacha nyuma." Nikaangalia, kweli. Alama iliyo mbele ya temu ni ya hiyo temu, ikihama inahama nayo, na kijitabu kinakuambia uizungushie duara pamoja na alama yake kabla hujasogeza kitu. Tangu siku hiyo nazungushia duara kila swali, hata yale ya temu mbili.

Sasa majina. Hapa ndio mwalimu huyu amenifurahisha sana. Kuna majina ya aina mbili na shuleni nilikuwa nayachanganya kila mara, kwa sababu tulipewa yote siku moja kwa ubao mmoja tukaambiwa tukariri. Yeye ametenganisha. Kuhesabu temu ni kuhesabu magurudumu: wilibaro ina moja, hiyo ni monomia, baiskeli ina 2, binomia, tuktuk ina 3, trinomia. Zikizidi 3 unasema tu polinomia ya temu 4, ya temu 5, imeisha. Halafu digrii ni injini, na injini haihusiani na magurudumu. x¹⁰ + 1 ni baiskeli lakini digrii yake ni 10. 6x² peke yake ni wilibaro yenye digrii 2. Mtu wa Kisumu amezungukwa na tuktuk asubuhi mpaka usiku, hii picha haiwezi kumtoka.

Kwa upande wa digrii majina ni haya: 0 ni konstanti, 1 linia, 2 kwadratiki, 3 kubiki, 4 kwatiki, 5 kwintiki. Kuna jambo lilikuwa linanisumbua tangu nikiwa Fomu 2 na sikuwahi kuuliza. Kwadratiki inasikika kama ina nne ndani yake, sasa mbona digrii ni 2? Kijitabu kimejibu kwa mistari mitatu. Neno limetoka kwa Kilatini, quadratus, maana yake mraba, na mraba ndio wenye pande 4, lakini eneo la mraba wa upande x ni x², na hiyo 2 ndio digrii. Kwatiki nayo imetoka kwa neno la "ya nne", hiyo ndio ya digrii 4 kweli. Nilisoma hiyo sehemu nikaiweka chini nikakaa kidogo. Miaka yote hiyo nilikuwa naandika kwatiki penye kwadratiki nikidhani ni kichwa changu ndio kigumu, kumbe hakuna mtu aliniambia hilo neno lilitoka wapi.

Ukurasa wa 14 ndio unalipa zile 150 zote. Swali: taja jina la 3x² + 5x − 3x² + 8. Ukikimbilia unaona x mraba, unaona temu 4, unaandika kwadratiki ya temu 4 na unakosa mara mbili. Unatakiwa kwanza uunganishe temu za aina moja, 3x² na −3x² zinamalizana, inabaki 5x + 8, linia, binomia. Baada ya hiyo kuna (x + 2)(x − 5) − x², ambayo ukifungua mabano inakuwa x² − 3x − 10 − x², na mwisho ni −3x − 10. Tena linia. Ameweka kama 9 za namna hii mfululizo, na hajaweka onyo lolote juu yake, unaanguka ya kwanza, unaanguka ya pili, ya tatu mkono wenyewe unaanza kusafisha kabla ya kutaja jina. Huwezi kufundishwa hiyo kwa kuambiwa.

Kuhusu kipi ni polinomia na kipi sio ameenda haraka lakini inatosha. x/4 ni polinomia kwa sababu ni robo ya x tu. 4/x sio, herufi imekaa chini. √x pia sio. Pawa lazima iwe namba nzima kuanzia 0 kupanda. Temu yenye herufi mbili, kama 6x²y³, unajumlisha pawa zake, digrii 5. Hapa ningependa mifano zaidi, ameweka miwili tu na mimi hiyo ya herufi mbili bado inanitetemesha.

Na kama unajiuliza mbona ujisumbue kupanga, jaribu 3x − 10 + x² = 0 kwa ile fomula ya kutatua kwadratiki, ambapo a ni namba ya x², b ya x, na c ile isiyo na herufi. Usipopanga unachukua a kuwa 3 na kila kitu kinaharibika kuanzia hapo. Ukipanga ni x² + 3x − 10 = 0, a ni 1, b ni 3, c ni −10, na majibu ni 2 na −5. Nimeyarudisha kwa swali yote mawili, yanatoa sufuri.

Mabaya sasa. Fotokopi ya kurasa mbili za mwisho imefifia, pawa ya 2 na ya 3 zinafanana, na kwa somo hili hiyo sio shida ndogo, nilitumia tochi ya simu. Nafasi ya kufanyia kazi ni finyu, nunua eksasaisi buku kando. Halafu majibu ya nyuma yana kosa: namba 17, 5 − x⁴ + 2x, wameandika koefishenti ya mbele ni 1. Sio 1. Ukipanga ni −x⁴ + 2x + 5, kwa hivyo ni −1. Nilifanya hiyo swali mara nne, nikalala nayo, asubuhi nikairudia nikasema hapana, mimi ndio niko sawa hapa, ni ile ile minus ya msichana wa dirishani.

Jumamosi nikapita dukani nikamwonyesha mwenye duka. Akasema, "Kweli dada, wewe ndio wa kwanza kuniambia," akatoa zile zilizobaki kwa shelfu, kama 12, tukakaa kwa benchi tukarekebisha moja moja. Kwa hivyo ukienda kuchukua yako fungua ukurasa wa 31, uangalie namba 17 kama ina kalamu ya bluu.