Kitimoto Dubai, kichumba cha nyuma ya supamaketi
Wabongo mnaouliza kitimoto Dubai, ipo, huku sio kama Saudia au Kuwait ambako ni marufuku kabisa. Supamaketi ya mtaani kwangu ina kichumba chake huko nyuma, mlangoni bango la wasio Waislamu tu, ndani mafriji yake na mizani yake. Beikoni na soseji hazikosekani ila mbavu na mguu wenye ngozi ndo kazi, maana mzigo unatoka nje, nchi inayoleta ikipata homa ya nguruwe tu unakuta friji tupu na bei imepaa, afu nyingi ya kugandishwa, ukikaanga inatoa maji weee. Usafi nawapa tano. Yule jamaa wa kukata mwambie mapema aache mafuta, asipoambiwa anayatoa yote.