Kalibu ya goroli za gobore: kabla hujanunua, angalia bamba la juu

Mwaka jana nilinunua kalibu (kifaa cha kumiminia goroli) ya alumini, mtumba, matundu mawili ya goroli za inchi .490 kwa ajili ya gobore langu la mtutu wa inchi .50, na muuzaji akaniapia imetumika mara mbili tu. Kweli ilikuwa inang'aa, mipini mizima, vipande vyote viwili vinakutana bila kupishana, ndani ya matundu hakuna mkwaruzo hata mmoja. Nikalipa nikaondoka nimefurahi. Nikasubu goroli mia na kitu mchana mmoja, zikaonekana nzuri tu, ila kila moja ilikuwa na kitu chembamba kimezunguka pale kikonyo (madini yanayobaki juu ya tundu ukishamimina) kinapokatwa, kama pezi la samaki mdogo, ukipitisha kidole unalisikia linakwangua. Nikasema aah, hicho ni kitu kidogo. Sasa nenda kwenye shabaha uone, goroli zinatawanyika kama mtu anamwaga mtama, moja kushoto moja juu, na bunduki ni ileile, baruti ileile, kipimo kilekile. Ndo nikaenda mbele ya mtutu kuokota vile vitambaa vya kuvishia goroli (ukitaka kujua gobore lako linaumwa nini okota vitambaa vyake, vitakuambia kila kitu) nikakuta karibu vyote vimechanika sehemu moja, mchano mfupi ulionyooka kama wa wembe. Lile pezi lilikuwa linakata kitambaa wakati nasukuma na mdeki, ile fimbo ya kushindilia. Na kitambaa kikichanika moto wa baruti unapita pembeni, goroli haishikwi vizuri na mifuo ya mtutu (ile mifereji iliyochongwa ndani yake), inakwenda inakotaka yenyewe. Sikwenda porini na goroli zile hata siku moja, maana kumjeruhi mnyama halafu akakupotea na jeraha lake ni kitu sikitaki kabisa maishani mwangu.

Kwa hiyo mwongozo huu hauna habari nyingi za matundu mangapi, uzito gani, rangi ya mipini, hayo kila muuzaji anayahubiri. Mi nataka uangalie bamba la juu. Ni kile kipande bapa cha chuma kinachozunguka kwenye skrubu moja juu ya kalibu, kina shimo kama faneli, unamimina risasi (ile metali iliyoyeyushwa) humo, ikiganda unalisukuma pembeni na linakata kikonyo. Watu wanaliona kama kifuniko. Lile ni kisu, na kisu kikicheza kazi imeharibika.

Namna ya kulipima ni hivi, na usione haya kufanya mbele ya muuzaji. Funga kalibu, inua usawa wa macho, mulika tochi kwa nyuma. Ukiona mwanga unapita kati ya bamba na kichwa cha kalibu, hapo ndo pezi litakapozaliwa. Halafu lishike bamba kwa vidole viwili ujaribu kulinyanyua juu chini, lisitikisike. Halafu inamisha kalibu, bamba lizunguke bila kulazimishwa, maana likibana sana nalo linakwangua kichwa cha kalibu, hasa ya alumini, na mikwaruzo ile ndo inakuja kulinyanyua baadaye. Mwisho angalia skrubu yenyewe: kuna skrubu nyingine ndogo ubavuni inayoilokia isijilegeze? Kama hakuna, jua kila ukisukuma bamba kufungua na kufunga unaigeuza kidogo kidogo, na kalibu uliyoanza nayo asubuhi ikiwa imekaza, mchana imelegea na we hujui.

Sasa nazipanga kalibu kwa watengenezaji wake. Mi ni mtu wa Lyman na sifichi. Kampuni imeanza 1878, na kazi ya kalibu waliirithi kwa Ideal, kampuni ya John Barlow ya 1884 ambayo Lyman waliinunua 1925, kwa hiyo ni watu waliokaa na kitu hiki muda mrefu. Kalibu zao ni za chuma, bamba ni zito, na skrubu ya bamba imelokiwa kwa skrubu ya ubavuni. Ukiseti mara moja imetulia. Yangu ya sasa ya .490 nimeimulika juzi baada ya kusubu msimu mzima, mwanga haupiti. Ina tabu zake, nakubali. Chuma kinachelewa kupata moto, goroli kumi za kwanza au zaidi zitatoka na mikunjo kama zabibu kavu, unazirudisha kwenye chungu bila kulalamika. Inashika kutu, lazima uipake mafuta ukimaliza, na kabla ya kuanza tena uyatoe yote, maana tone la mafuta ndani ya tundu linakupa mikunjo hata kalibu iwe ya moto kiasi gani. Lakini ikishashika moto haupotezi haraka, na ukiingia kwenye mdundo, mimina, subiri, kata, fungua, goroli zinatoka za uzito uleule. Goroli ya .490 ya risasi safi inatakiwa icheze kwenye gireni 177 (gireni ni kipimo kidogo cha uzito), na zangu zinakaa hapohapo, ikishuka chini ya 175 naijua ina uwazi wa hewa ndani, inarudi kwenye chungu.

Ya pili kampuni ya RCBS. Chuma pia, na skrubu imelokiwa pia. Kama Lyman hupati saizi yako chukua hii wala usisite, tofauti kwangu ni ya mapenzi tu.

Ya tatu ni mafundi wanaochonga kwa oda, unawapa kipimo wanakutengenezea, bamba nene, kazi safi. Hawa ni kwa mwenye mtutu wa kipimo cha ajabu, bunduki ya zamani ambayo goroli za kawaida hazikai. Mwenye .45, .50 au .54 ya kawaida hana haja ya kusubiri foleni yao.

Ya nne kampuni ya Lee, kalibu za alumini. Wengi wataniuliza mbona chini, maana ndo kila mtu anaanzia hapo, na kwa kweli zinapata moto haraka, hazishiki kutu, mipini inakuja nayo, na kikonyo kinachobaki ni kidogo sana. Shida yangu ni ileile, kwenye zile za tundu moja na mbili skrubu ya bamba haina cha kuilokia. Ukiwa nayo weka bisibisi karibu, kila goroli ishirini thelathini simama uguse skrubu. Ukiweza hilo zitakutumikia.

Zile za shaba kama mkasi, zisizo na bamba kabisa, zinafaa kwa mtu anayetaka goroli tano akiwa porini. Basi.

Na hata kalibu nzuri unaweza kuiharibia bamba mwenyewe kwa haraka. Ukimimina, angalia kile kidimbwi juu ya bamba: kinang'aa kama kioo, halafu ghafla kinafifia, kinakuwa kama kimepuliziwa pumzi. Hapo hesabu tena mpaka tano ndo ukate. Ukikata kikiwa bado laini, risasi inapakwa chini ya bamba na juu ya kalibu, tabaka jembamba sana, na tabaka lile ndo linalinyanyua bamba, pezi linarudi. Likitokea usichukue kisu wala tupa, sugua na kijiti cha mbao kalibu ikiwa ya moto, linatoka. Na usiligonge bamba na nyundo ya chuma, tumia kipande cha mbao.

Sasa wauzaji. Kwanza kwa nini kalibu za chuma zinauzwa bila mipini? Mtu unajipanga unalipia kalibu, unafika nyumbani unagundua huna cha kuishikia, unarudi kununua mipini kwa bei inayouma. Mwambieni mteja mapema jamani, sio mpaka aulize. Pili, kuandika "kalibu ya .50" bila kusema kama ni kipimo cha goroli au cha mtutu. Goroli ya .500 haiingii na kitambaa kwenye mtutu wa .50, mtutu wa .50 unataka .490 au .495, na mgeni hajui hilo, ananunua, anabaki nayo. Muuzaji anajua.

La tatu ndo linaniumiza zaidi, risasi yenyewe. Wanakuuzia mche wameandika safi, ukikwaruza kwa kucha hauachi alama. Risasi safi ni laini, ukucha unaingia. Wameyeyusha vile vipande vya kubalansia ringi za magari, vina antimoni, ni vigumu, goroli inatoka kubwa kidogo na nyepesi kidogo, inakataa kushuka mtutuni. Na ukisubu zile za Minié, zenye shimo kitakoni linalotakiwa kutanuka lishike mifuo, ngumu haitanuki, umefanya kazi bure. Siku hizi vingine ni vya zinki kabisa. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, zinki mpaka 419, kwa hiyo usiupandishe moto kwa pupa, kinachoelea juu kimekataa kuyeyuka kiopoe ukitupe, kikishachanganyika chungu chote kimeharibika.

Unaposubu uwe nje penye upepo, glavu, miwani, na maji yasisogee karibu na chungu, tone moja tu likizama risasi yote inaruka usoni. Mikono uioshe kabla ya kushika chochote cha kula, na watoto wakae mbali.

Ile kalibu yangu ya mtumba ninayo bado, niliirudisha muuzaji akasema kikitoka dukani kimetoka. Nimebadilisha skrubu, nimelinyoosha bamba kwenye msasa juu ya kioo, mwanga bado unapita upande wa kushoto.