Amoksilini-klavulanati ya watoto, chupa ya unga: dawa nzuri kwa nyumba yenye friji

Kwenye maduka ya dawa ya Kigoma mjini, Mwanga hadi Ujiji, chupa hii huuzwa bei ya juu kuliko amoksilini ya kawaida, na wazazi wengi huichukua wakiamini ni kali zaidi. Si kali zaidi. Amoksilini iliyomo ni ileile. Kinachoongeza bei ni kiasi kidogo cha klavulanati, na hiyo ndiyo inayowahi kuharibika chupa ikikaa kwenye joto. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hela, kuna maswali mawili: je, ugonjwa wa mtoto unaihitaji klavulanati? Na je, itamfikia ikiwa bado inafanya kazi?

Amoksilini ni ya ukoo wa penisilini, na uwezo wake wa kuua bakteria unategemea pete ndogo ya pembe nne, pete ya beta-laktamu. Bakteria wengi hutengeneza kimeng'enya kiitwacho beta-laktamasi, ambacho huishika pete hiyo, huingiza maji na kuifungua. Pete ikishafunguka, dawa haiui tena. Wanasayansi Abraham na Chain walikiripoti kimeng'enya cha aina hiyo mwaka 1940, kabla penisilini haijaenea hospitalini. Klavulanati hutoka kwa bakteria wa udongoni, Streptomyces clavuligerus. Nayo ina pete ya namna hiyo, ingawa yenyewe karibu haiui bakteria. Kazi yake ni ya chambo: kimeng'enya huimeza, hunasa, na amoksilini hupita salama. Mchanganyiko huu uliingia sokoni Uingereza mwaka 1981 kwa jina la Augmentin. Sasa viwanda vingi vinautengeneza.

Faida yake huonekana kwa mtoto aliyeng'atwa na mbwa, au kwenye maambukizi ya sikio ambayo amoksilini peke yake imeshindwa. Lakini streptokokasi wa kundi A, anayesababisha tonsili za usaha, hana beta-laktamasi. Penisilini ya kawaida inamtosha. Nimokokasi, bakteria wa nimonia na wa sikio, naye akiwa sugu, huwa amebadilisha protini ambazo penisilini hujishikiza, kwa hiyo klavulanati haiongezi kitu. Stafilokokasi, bakteria wa majipu, aliye sugu kwa methisilini (dawa nyingine ya ukoo wa penisilini) ni hivyohivyo. Kuna pia vimeng'enya vinavyotumia zinki, kama NDM, ambavyo havinasi kabisa kwenye chambo hiki. Kwa mafua, chupa hii haina kazi yoyote. Kwa nimonia isiyo kali ya mtoto wa chini ya miaka 5, Shirika la Afya Duniani linaelekeza amoksilini ya kawaida, ile ya vidonge vinavyoyeyuka. Ndiyo maana tunasisitiza cheti cha daktari: bila cheti unaweza kulipa zaidi na kumwachia mtoto kuharisha tu.

Tunaikosoa zaidi kwa namba za kwenye boksi, kwa sababu zinachanganya hata wauzaji. 156 ni miligramu 125 za amoksilini na 31.25 za klavulanati katika mililita 5. 312 ni 250 na 62.5. Hizo mbili kwa kawaida hutolewa mara tatu kwa siku. 228 ni 200 na 28.5, 457 ni 400 na 57, nazo hutolewa mara mbili kwa siku. Cheti kikisema 457 na duka likatoa 228 kwa mililita zilezile, mtoto anapata nusu ya dozi. Kubadilisha 312 kwa 457 ni kosa jingine, maana uwiano wa dawa mbili umebadilika. Chupa ikiwa tofauti na cheti, mfamasia apige upya hesabu ya mililita kwa uzito wa mtoto.

Kabla ya kulipa, inamisha chupa. Unga mzuri ni mweupe au unaelekea krimu, na unateleza kirahisi ukutani mwa chupa. Ukikuta umeganda mabonge au una rangi ya kahawia, unyevu umeshaingia, rudisha. Usikubali pia chupa iliyokuwa imepangwa dirishani juani. Unga wenyewe unatakiwa kukaa pakavu, kwa kawaida chini ya nyuzijoto 25, na mchana wa Kigoma hupita hapo kirahisi.

Kuchanganya: chemsha maji, yaache yapoe kabisa. Gonga chupa kiganjani unga uachie. Tia maji kama theluthi mbili ya kufikia mstari, funga, tikisa kwa nguvu, kisha jazia mpaka mstarini na utikise tena. Ukijaza yote kwa mkupuo mmoja, maji hushuka chini ya mstari baada ya kutikisa. Ukiyaacha hapo, dawa inakuwa nzito kuliko lebo inavyosema. Ukipitiliza mstari, inakuwa nyepesi. Andika tarehe kwenye chupa papo hapo.

Ikishachanganywa inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, si kwenye frizi. Lebo nyingi zinatoa siku 7. Kwa hiyo chupa ya mililita 100 kwa dozi ya mililita 5 mara mbili hubakiza mililita 30 ambazo ni za kumwaga, hata kama mtoto wa jirani anakohoa. Mtungi wa maji hupunguza joto kiasi, lakini haufiki nyuzi 8. Klavulanati ikishapotea, imebaki amoksilini peke yake, na bakteria mwenye kimeng'enya anaendelea kuishi.

Anayepanda boti kwenda Sunuka, Buhingu au Kalya asikubali kuchanganyiwa dukani. Kama kule kuna friji, abebe unga mkavu akachanganye huko. Kama hakuna, aulize vidonge vya kuyeyusha vya dawa hiihii; vinakaa kwenye foili yake na kila kimoja kinafunguliwa saa ya kunywa.

Tikisa kila mara kabla ya kupima, na pima kwa bomba lenye alama. Vijiko vya chai havilingani. Mpe mtoto anapoanza kula: klavulanati hufyonzwa vizuri zaidi na tumbo halisumbuki sana. Aliyewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi kwa penisilini asipewe hata tone.