Mafunzo ya Vijana Dhidi ya Ulevi wa Watoto, Kayole: Tathmini ya Mzazi

Binti yangu wa miaka 16 amemaliza mafunzo ya Jumamosi 8 yanayotolewa bila malipo na kikundi cha vijana katika ukumbi mmoja hapa Kayole, Nairobi, na kwa kuwa wazazi kadhaa wameniuliza kama yanafaa, ninawajibu kwamba yanafaa sana, ingawa yana kasoro moja iliyoniuma.

Nilitarajia mahubiri. Kumbe majuma mawili ya kwanza vijana walitumwa kuzungumza na mtu mmoja mmoja, wakiwemo akina mama mboga, wahudumu wa bodaboda, walimu na hata wauza vileo wenyewe, wakiwauliza mtoto akitaka pombe mtaani mwetu huipata wapi. Majibu waliyoyaandika daftarini hayakuelekea kwenye pombe ya kienyeji ya chang'aa nilivyodhani, bali kwenye vile viduka vya vileo ambako robo, yaani chupa ndogo ya pombe kali, huuzwa bila mtu kuulizwa umri, na nyumbani, ambako mtoto hutumwa na baba yake kumnunulia chupa. Hilo la nyumbani lilinishtua, kwani kwangu pia limewahi kutendeka.

Somo la sheria ndilo lililonifurahisha zaidi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, inakataza kumuuzia kileo aliye chini ya miaka 18, na inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shule za watoto. Vijana hawakuishia kuisoma: walichukua kamba ya mita 50, wakaanzia kwenye lango la shule ya msingi, wawili wakishika ncha na mmoja akihesabu kwa sauti, na kabla ya kuitandaza mara ya nne walikuwa mlangoni pa baa. Kwa kuwa leseni hizo hutolewa na kaunti, waliiandikia kamati ya leseni barua ya pingamizi na kuambatisha mchoro wa vipimo vyao.

Kasoro ni kwamba siku ya kuwasilisha barua hiyo walizungumza watu wazima pekee, na walioshika kamba wakaketi nyuma kimya. Nilimweleza mratibu kwamba wenye kazi ndio wanaostahili kuulizwa maswali, naye akaahidi kuwa awamu ijayo, itakayoanza likizo ya Agosti, vijana wawili watasimama wenyewe. Atakayemwandikisha mwanawe ampe daftari na viatu vigumu, kwani siku nyingi hushinda barabarani.